Kichochoro chetu Manyatta: mulika mwizi, geti, au kuna dawa nyingine?

Mkazi_Manyatta

Habari zenu wakuu. Kamati ya mtaa wetu hapa Manyatta, Kisumu, imechanga pesa na sasa imegawanyika makundi matatu. Nieleze mahali penyewe ili mnisaidie vizuri.

Kuna kichochoro cha kama mita 140 kutoka stejini kwenye lami hadi ndani ya mtaa. Mwanzoni kina upana wa mita mbili na nusu, katikati kinabana hadi mita 1.6, na kina kona tatu. Kushoto ni ukuta wa mawe wa futi nane wenye vigae vya chupa juu. Kulia ni migongo ya ploti za kupangisha, zile ambazo vyumba vinatazamana uani. Hakuna mlango hata mmoja unaofungukia njiani, ila vidirisha vya bafu. Mtaro wa maji machafu unapita upande huo wa kulia na mifuniko minne imeibwa. Michongoma ya ploti ya mwisho imepita kichwa cha mtu.

Visa vyenyewe ni ngeta (mtu kukabwa shingo na kuporwa) na kunyakua simu, zaidi kati ya saa moja na saa nne usiku, na tena alfajiri watu wakielekea soko la Kibuye. Nyumba nazo zinavunjwa, lakini hizo ni mchana watu wakiwa kazini. Kundi la kwanza linataka mulika mwizi, ule mlingoti mrefu wenye taa kali juu. La pili linataka mageti mawili ya chuma. La tatu linataka kamera. Naomba maelezo ya watu wanaoijua kazi hii, na vipimo. Ya "muwe macho tu" tumeyasikia.

---

Mpangamiji_Ziwa

Kabla ya kununua chochote, tenganisheni visa viwili ulivyovitaja, kwa sababu dawa ya kimoja inaweza kuwa sumu ya kingine. Anayevunja nyumba mchana anapenda njia yenye matundu mengi: aingie hapa, atokee kule, na asionekane mgeni. Utafiti uliofanywa Merseyside, Uingereza, na kutolewa 2010, ulionyesha kwamba nyumba zilizo kwenye njia zinazopitika sana zilivunjwa zaidi, na kwamba mitaa isiyo na njia ya kutokea ilikuwa salama zaidi. Kwa wizi wa nyumba, basi, watu wa geti wana hoja.

Ngeta ni jambo jingine kabisa. Mpiga ngeta anahitaji vitu vitatu: mtu mmoja peke yake, sekunde kumi au ishirini bila macho ya mtu wa tatu, na njia ya kukimbilia. Ukipunguza wapita njia kwa kufunga geti, umemwongezea hilo la kwanza na la pili. Huu ndio ugomvi wa zamani wa wataalamu. Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji wa Marekani, alisema mwaka 1961 kwamba barabara hulindwa na macho ya wauza maduka, wakazi na wapitaji, kwa hiyo iache wazi na uijaze watu. Oscar Newman, msanifu majengo, baada ya kuchunguza majengo ya makazi ya umma New York, aliandika mwaka 1972 kwamba mahali pasipo mwenyewe ndipo uhalifu huota, kwa hiyo gawa eneo, punguza viingilio, kila mtu ajue pake. Wote wawili wana haki, kila mmoja kwa aina yake ya kosa. Mwenye mtaa ndiye anayepaswa kujua ni kosa gani linalomsumbua.

Sasa kichochoro chenu. Shida yake kubwa naiona katika sentensi moja uliyoandika: hakuna mlango unaofungukia njiani. Mita 140 za migongo ya nyumba. Hata ukipamulika kama uwanja wa Moi usiku wa mechi, nani atakuwa anatazama? Asili yake tunaijua. Manyatta na Nyalenda zilikuwa mashamba ya familia yaliyoingizwa ndani ya mipaka ya mji mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila mwenye shamba aligawanya chake, akajenga hadi kwenye mpaka na kugeuza vyumba vitazame uani. Njia ni kile kilichobaki katikati. Haikupangwa na mtu, ndiyo maana hakuna anayeiona kuwa yake.

Ningeanza hivi, kwa mpangilio huu:

1. Ramani ya mwezi mmoja. Chora kichochoro kwenye karatasi kubwa, kila kisa kiwekewe alama: saa ngapi, aliyeibiwa alikuwa akielekea wapi, mwizi alikimbilia wapi. Hilo la mwisho watu husahau, na ndilo lenye faida kuliko yote. Ukikuta kwamba karibu wote wanatokea kwenye michongoma ya ploti ya mwisho, panga na kibarua wa siku moja vimekufanyia kazi ya mlingoti mzima.

2. Kona. Hatari ya kona ni kutoona kilicho mbele hadi umekifikia. Pale penye kona ya pembe kali, kata ncha ya ukuta mita 1.5 kila upande. Kama mwenye ukuta hataki kuubomoa chini, abomoe kuanzia kimo cha mita moja kwenda juu na ajaze kwa wavu wa chuma au matofali ya matundu. Kioo cha mbinuko kinasaidia kidogo mchana. Usiku bila taa ni pambo.

3. Ukuta wa futi nane. Mita moja ya chini iwe mawe, sehemu ya juu iwe wavu unaopenyeka macho. Wenye ukuta watakataa, watasema mwizi ataona vitu vyao. Waambie na majirani watamwona mwizi akiwa ndani. Ukuta mzima humficha yeyote aliyekwisha kuuruka, na vigae vya chupa havimzuii mtu mwenye gunia la kuvifunika.

4. Mimea: vichaka visizidi mita moja, matawi ya miti yasishuke chini ya mita mbili na nusu. Kati ya vimo hivyo viwili pawe wazi.

5. Angalau vyumba viwili au vitatu vitobolewe dirisha la kutazama njia. Hili nitalirudia likiulizwa, ndilo gumu na ndilo lenye tija.

Kamera iacheni iwe ya mwisho. Bila mwanga wa kutosha inarekodi vivuli, na kifaa cha kuhifadhi picha ni kitu cha kuibwa pia.

---

Fundi_Stima_Kondele

Nizungumzie taa, maana hapo ndipo pesa za kamati nyingi huzama.

Mulika mwizi ni taa ya uwanja, soko au steji. Kwa kichochoro chembamba haufai, na si suala la maoni, ni hesabu. Tuseme mlingoti wa mita 20 umesimama upande wa ukuta, mita 15 kutoka ukutani. Ukuta ni futi nane, yaani mita 2.4. Kivuli cha ukuta chini kitakuwa 15 × 2.4 ÷ (20 − 2.4), sawa na mita 2 na ushee. Njia yenu pale katikati ina mita 1.6. Sehemu hiyo yote iko gizani! Ukiusogeza mlingoti mita 60, kivuli kinafika mita nane. Utaona paa za mabati zinang'aa na anayekungoja chini humwoni. Tena macho yako yamezoea mwanga wa nje, kwa hiyo giza la ndani linakuwa zito zaidi.

Halafu kuna bili. Mlingoti wenye taa nane za wati 200 unakula kilowati 1.6. Kwa saa 12 ni uniti 19.2 kila usiku, karibu 576 kwa mwezi. Laini moja ikikatika au bili isipolipwa, mtaa mzima unazimika mara moja.

Badala yake wekeni taa ndogo nyingi. LED za wati 20, kimo cha mita 4, umbali wa mita 12 hadi 14. Anzeni kwa kuweka moja kwenye kila kona na kwenye kila mdomo wa njia, kisha mjaze katikati. Kwa mita 140 zenye kona tatu mtapata taa 12. Jumla wati 240, uniti 2.9 kwa usiku, kama 86 kwa mwezi. Lengo ni luksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) 5 hadi 10 chini, na muhimu kuliko wingi ni usawa: pasiwe na doa jeusi kati ya taa na taa. Kipimo cha mtaani: ukisimama, umtambue mtu kwa sura akiwa mita 10 hadi 12 mbele yako. Ukiona umbo tu bila uso, taa imewekwa vibaya.

Mambo yanayoharibika, na sababu zake:

Taa nyeupe ya bluu ya kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) iliyoelekezwa mbele inapofusha anayetembea. Chukueni 3000 hadi 4000, uso wa taa utazame chini.

Waya mmoja kwa taa zote. Gawanyeni saketi mbili, taa za kwanza, tatu, tano kwenye moja, na mbili, nne, sita kwenye nyingine. Saketi moja ikifa, njia bado ina taa moja kila baada ya moja.

Taa kuunganishwa kwenye mita ya tokeni ya mwenye ploti. Wiki ya pili anaizima. Ombeni mita ya kamati, malipo yajulikane.

Mvua. Viungio vibaya huvujisha stima na swichi ya usalama ya miliampia 30 inakata usiku wa mvua, ambao ndio usiku wa wezi. Masanduku ya viungio yawe ya IP65, yaani yasiyoingiza vumbi wala maji ya kurushwa, waya waingie kutoka chini. Na msisahau kizuia radi pamoja na nondo ya athi (ya kupeleka umeme ardhini). Eneo hili la ziwa lina radi nyingi, taa za LED zisizo na kinga hufa kwa pigo moja.

Swichi ya mkono. Hapa jua linatua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na asubuhi linachomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu, mara nyingine karibu na saa moja. Mtu wa kuwasha atachelewa, na wa kuzima ataamka mapema akazime watu wa Kibuye wakiwa njiani. Wekeni fotoseli, kifaa kinachowasha taa chenyewe giza likiingia na kuzima kukipambazuka.

Kuhusu sola, msidanganywe na maandishi ya "300W" kwenye taa yenye paneli ya ukubwa wa daftari. Taa halisi ya wati 15 kwa saa 12 inahitaji saa-wati 180. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampia-saa 20 ina 256. Ukitumia asilimia 80 unapata kama 205, inatosha usiku mmoja tu bila akiba ya siku ya mawingu. Paneli isipungue wati 60. Muuzaji akishindwa kukuambia ampia-saa za betri, ondoka dukani.

Na jambo la bei ndogo kuliko yote: chokaa. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe hurudisha zaidi ya nusu ya mwanga. Mawe meusi yenye ukungu yanaumeza karibu wote. Tena mtu akisimama mbele ya ukuta mweupe anaonekana.

---

Nyar_Dunga

Fundi amesema kweli, lakini kamati nyingi huwa za wanaume wanaopita hapo na pikipiki. Kabla ya kuchora ramani, fanyeni matembezi. Utaratibu huu ulianzia Toronto mwaka 1989, ukasambaa miji mingi. Watu sita hadi kumi, wengi wao wakiwa wanawake, pamoja na mwanafunzi mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni na mtu asiyeona au asiyetembea vizuri kama yuko. Mpite mara tatu: saa kumi na moja alfajiri, saa moja na nusu usiku, na saa tatu usiku. Kila baada ya mita 20 mnasimama na kujibu yaleyale: naona hadi wapi? nikipiga kelele nani atasikia? nikitaka kukimbia nitakimbilia mlango gani? hapa pananuka nini? Swali la harufu si mzaha. Mahali watu wanapokojoa ni mahali wanapojua hawaonekani.

Angalieni pia choo. Kama wapangaji wa ploti yoyote wanatoka nje ya geti usiku kufuata choo au maji, hatari yao haimo kwenye ramani ya ngeta kwa sababu hawaripoti. Kioski cha maji mkikihamishia mdomoni mwa kichochoro, mtapata mtu anayekaa pale tangu alfajiri hadi usiku, tena analipwa na maji yake.

Mageti siyataki. Mkifunga saa nne usiku, muuguzi anayetoka zamu atazunguka mita mia ngapi? Mtakuwa mmemsukumia ngeta kule kwenye mzunguko.

---

Kaptembwo_Finest

Salamu kutoka Nakuru. Mnapoteza muda. Ukimulika kichochoro kimoja wezi wanahamia cha pili. Huku kwetu dawa ni soja na kundi la boda.

---

Mpangamiji_Ziwa

@Kaptembwo_Finest ndugu yangu, kuhama kupo lakini si kwa kiasi hicho. Jersey City, Marekani, walifuatilia hasa hilo baada ya polisi kubana maeneo machache, na mitaa ya jirani haikuharibika, ilipata nafuu kidogo. Sababu ni nyepesi: mhalifu hategemei giza lolote, anategemea giza analolijua, lenye njia yake ya kukimbilia na mnunuzi wa simu karibu. Na New York mwaka 2016 waliweka taa za muda kwenye baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Makosa makubwa ya nje usiku yalipungua kwa takriban asilimia 36. Zingatia kwamba yale ni maeneo ya wazi kati ya maghorofa, yenye madirisha mengi juu. Kichochoro cha migongo ya nyumba hakitapata faida ileile kwa taa peke yake.

Boda nakubali, kwa masharti. Steji iwe mdomoni mwa njia, ionekane kutoka dukani, waendeshaji wawe wa chama kinachojulikana na vizibao vyenye namba. Steji iliyosogea mita kumi ndani ya kichochoro inageuka kuwa kizuizi. Wasichana wanaanza kuzunguka, njia inabaki tupu.

Na kwa kuwa umetaja Nakuru: nyuma ya maduka katikati ya mji huko kuna vile vijia vya huduma vya enzi ya ukoloni, vilivyoachwa kwa ajili ya taka na maji taka. Hivyo ndivyo vya kufungwa kwa geti, kwa sababu hakuna mkazi anayevitegemea kufika kwake. Miji kama Liverpool imefunga vingi vya aina hiyo na wizi wa nyumba ukashuka. Cha Manyatta ni mlango wa mtaa, usivilinganishe.

---

Ramani_na_Hati

Nyongeza ya kisheria, kwa ufupi. Nendeni ofisi ya upimaji mnunue karatasi ya ramani ya usajili inayoonyesha ploti zenu. Kama njia imechorwa, ni ya umma, na kuweka geti bila kibali cha kaunti ni kosa. Kibali huombwa chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kama haikuchorwa, tatizo ni kubwa zaidi ya geti: njia imo ndani ya hati ya mtu, na siku akiuza, mnunuzi anaweza kujenga ukuta katikati. Hapo muandikishe haki ya kupita kwenye hati yake kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kabla hamjazika senti kwenye taa.

---

Mkazi_Manyatta

Asanteni sana. Tumekubaliana kuahirisha mlingoti. Mwenye ploti mmoja yuko tayari kugeuza chumba cha pembeni kitazame njia, ila anaogopa mtaro uliopita mbele yake na anaogopa kuvunjiwa. @Mpangamiji_Ziwa ulisema utalirudia.

---

Mpangamiji_Ziwa

Chumba cha mita tatu kwa tatu kinatosha. Kichagueni kile kinachoona kona mbili kwa pamoja, au kona moja na mdomo wa njia. Duka katikati ya mstari ulionyooka linaona kidogo kuliko mnavyodhani. Dirisha la kuuzia liwe na upana wa mita 1.2, kizingiti cha chini kiwe sentimita 90 kutoka ardhini, na grili ya nondo ya milimita 12 yenye nafasi za sentimita 10, na katikati kitundu cha kupitishia bidhaa. Muuzaji anabaki amefungiwa ndani hadi saa tatu au nne usiku, mlango wake uko uani. Asitoboe mlango wa njiani, hapo woga wa kuvunjiwa unaisha. Kibaraza kisitokeze nje, njia tayari ni nyembamba. Wateja wasimame juu ya mtaro uliofunikwa.

Kodi ya chumba hicho ndiyo ya kujadiliana. Chumba kinachotazama kichochoro chenye giza hakina mpangaji, kwa hiyo kamati iweke taa hapo kwanza, kisha aanze mtu wa bidhaa zinazonunuliwa usiku: maziwa, mkate, kadi za simu. M-Pesa asifanye peke yake gizani miezi ya mwanzo. Mkipata mwingine wa chapati na maharagwe alfajiri, saa mbaya zote mbili zimezibwa.

Mifuniko ya mtaro msitengeneze ya chuma, itauzwa kwa kilo. Mwageni zege ya sentimita 60 kwa 50, unene milimita 75, nondo za milimita 10 kila sentimita 15. Kila mmoja utakuwa na kilo kama 54: watu wawili wanauinua kwa ndoano siku ya kuzibua, mtu mmoja anayetoroka hawezi kuufunua. Acheni vitundu viwili vya ndoano wakati wa kumwaga, na mmoja kati ya kila mitano uwe na mianya ya kuingiza maji ya mvua, la sivyo Aprili maji yatapita juu na njia itageuka kuwa mto.

---

Fundi_Stima_Kondele

Na kabla ya kumwaga hiyo mifuniko, lazeni bomba la inchi moja kando ya mtaro kwa waya wa baadaye. Kama kuna taa itakayosimama kwenye nguzo badala ya ukuta, udongo mweusi wa huku hupasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha, nguzo inalala. Kwa nguzo ya mita 6 chimbeni mita 1.2, toeni udongo wote mweusi shimoni, jazeni kokoto na zege.

---

Nyar_Dunga

Matembezi mkiyafanya, mrudie tena taa zikishawaka, saa zilezile na watu walewale. Picha zipigwe kutoka alama zilezile za mita 20.